Radhi Kabla ya Kaburi

Huku Unguja na Pemba, jeneza likishaswaliwa, mtu mzima wa familia husimama mbele ya watu. Kama marehemu alimkosea mtu, humwombea radhi. Na mwenye kumdai humwambia aje kwa warithi. Watu huitikia, "Tumemsamehe." Ndipo jeneza hunyanyuliwa.

Desturi hii imetoka katika dini. Kosa la mja kwa Mola wake, Mola mwenyewe hulisamehe likitubiwa. Haki ya mja husamehewa na mja aliyedhulumiwa. Ndiyo maana mfiwa, machozi hayajamkauka, hupewa kazi ya kuomba radhi na kulipa madeni. Kwa macho yangu, kazi hiyo humshika mtu asianguke.

Baadaye huwekwa matanga. Majirani hupika, kisomo husomwa, na ndugu waliokuwa hawasalimiani hujikuta wamekaa mkeka mmoja. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo yeye huitwa kizuka.

Lakini haya yote yanangojea maiti. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na miili iliyopatikana ililazwa katika viwanja vya Maisara, jamaa wakipita kuitambua mmoja mmoja. Wengi hawakuonekana tena.

Mama wa mtoto asiyeonekana aanzie wapi? Hakuna wa kuoshwa, hakuna sanda, hakuna kaburi la kuzuru Ijumaa. Dini ilikuwa na jibu. Kwa asiyekuwapo kuna swala ya ghaibu. Na katika mafundisho ya Mtume, aliyekufa maji ni shahidi. Neno hilo shahidi limewatuliza wazazi wengi wa Pemba kuliko pole zetu zote. Mjane wa aliyepotea ana mtihani zaidi: hajui eda yake aianze lini, na mara nyingi huhitaji kauli ya kadhi. Subira ya namna hiyo haisemwi kwa maneno mepesi, na sisi tunaompa mkono wa taazia tusiharakishe kumwambia asahau.

Kuhusu waliopakia meli ile kupita kiasi, nasema wazi: kumshukuru Mungu kwa kadari yake hakumwondolei mtu dhima. Mfiwa akisamehe, amesamehe kwa hiari yake na ana malipo yake kwa Mola. Asiposamehe, hajakosa imani. Hakuna kiongozi wala sheikh awezaye kumsamehea, maana haki hiyo ni yake mwenyewe.

Upande mwingine wa radhi uko mikononi mwetu. Siku ile hakuna aliyesimama mbele ya watu kwa niaba ya waliobaki baharini, kuuliza nani anawadai na wao wanamdai nani. Kama uliwahi kuachiwa pesa, mzigo au hati ya shamba na mmoja wa abiria wale, amana hiyo sasa ni ya warithi wake. Wafuate Pemba uwakabidhi, na kama ulimkosea marehemu wao, waombe radhi.