Rangi ya Moshi Haithibitishi Kuwa Nyama Imeiva

Msomaji, kuanzia Kericho kupitia Litein hadi Bomet, utakaribishwa mursik, maziwa yaliyotiwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa utamu wa moshi. Wengine wenu sasa mnaujaribu kwa nyama ya nguruwe: bega la kilo 2 huwekwa ndani ya pipa lililokatwa, makaa yakiwa kando, likakaa humo kwa saa nyingi hadi linyambuke. Sina nia ya kuwakataza. Ila mjue kwamba moshi hauui tegu. Kinachomuua ni joto, tena joto la katikati ya nyama.

Moto wa namna hii ni wa polepole, kama digrii 110 za Selsiasi ndani ya pipa. Baada ya saa 2 nyama huwa imegeuka kahawia kwa nje na wageni wameanza kunoa visu, kumbe karibu na mfupa bado ni mbichi. Kinyume chake pia hutokea. Nyama iliyoiva barabara kwa moshi huweza kubaki na utepe mwekundu karibu na ukingo, kwa sababu hewa zitokazo motoni hushikamana na wekundu wa nyama. Basi jicho hudanganyika pande zote mbili. Nunua kipimajoto cha nyama chenye sindano, ukichome palipo panene bila kugusa mfupa. Kikionyesha digrii 63, kisha nyama ipumzike dakika 3, ni salama. Nyama ya kusaga na soseji zingoje digrii 71. Ukitaka inyambuke kwa vidole, subiri ipite 90.

Na mvua ya alasiri je, ambayo huku haibishi hodi? Usithubutu kuliburura pipa hadi jikoni na kufunga mlango. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akidhani ni usingizi tu. Pipa likae nje, chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta.

Turudi kwa tegu. Ukila nyama yenye vifuko vyake, vidogo kama njegere, tegu hukua utumboni hadi kupita mita 2, na huenda usihisi lolote. Balaa ni mayai yake, yanayotoka na choo. Mwenye tegu asiponawa mikono kisha akakata sukuma wiki, humlisha mayai hata jirani ambaye hajaonja nguruwe maishani mwake. Mayai hayo hugeuka vifuko mwilini, na vikitua ubongoni huleta kifafa. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, ingawa jicho la mkaguzi nalo huweza kupitwa na vifuko vichache.

Mtu mzima ambaye hakuwa na kifafa akianza kuanguka, mpeleke hospitali apigwe picha ya ubongo. Usimnunulie prazikwanteli dukani kwa kukisia. Dawa hiyo humwua tegu wa tumboni, lakini vifuko vilivyo ubongoni vikifa kwa pamoja, ubongo huvimba na mgonjwa huweza kuanguka zaidi.