Kifua kikuu: juu ya nini kinakamata huyu na kinamuacha yule?



Sisi tunaoishi katika sehemu za kuchimba, toka Kamituga mupaka Kolwezi, tunajua swali moja ambalo linavunja jamaa nyingi. Watu kumi wanalala katika nyumba moja, wanakula sahani moja. Mumoja anaanza kukohola. Anakonda, usiku jasho linalowesha shuka, siku moja anaona damu katika makohozi. Wale wengine tisa wako wazima. Basi watu wanasema: «Kama ni ugonjwa, juu ya nini yeye peke yake? Huyu wamemupa karuho.» Kisha pale mama mukwe anashitakiwa, jirani anafukuzwa, mutoto yatima anaitwa muchawi. Na mugonjwa mwenyewe anapelekwa kwa mutu wa kutapisha sumu, siyo kwa munganga.

Musomaji, swali lile siyo la kijinga. Linaomba jibu.

Kuingiwa na kidudu siyo kugonjwa

Tarehe 24 Machi 1882, munganga wa Ujerumani, Robert Koch, alitangaza kule Berlin kwamba amekiona kidudu kinacholeta kifua kikuu. Ndiyo maana kila tarehe 24 Machi dunia yote inakumbuka ugonjwa huu. Kidudu kinapita katika hewa, wakati mugonjwa wa mapafu anakohola, anapiga chafya, anaimba ao anasema kwa nguvu. Hakipiti katika sahani, wala katika nguo, wala katika kusalimiana kwa mukono.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kama karibu mutu 1 kati ya watu 4 wa dunia amekwisha kuingiwa na kidudu hiki. Lakini katika watu 100 walioingiwa, ni 5 mupaka 10 tu watakaogonjwa katika maisha yao yote. Kwa wengine mwili unakifunga kidudu kama vile mutu anavyofungwa katika gereza. Hakifi, lakini hakina nguvu ya kutoka. Mutu yule hakoholi, na hawezi kuambukiza mutu.

Basi jibu la swali letu ni hili: labda wote kumi wameingiwa, lakini kwa mumoja gereza limefunguka. Kwa hiyo tusiulize «nani amemuroga?» Tuulize: «ni nini imefungua?» Tuangalie pamoja.

Vumbi la majiwe

Hili ninaliweka mbele kwa sababu ni letu. Kule Kamituga zahabu inakaa ndani ya jiwe gumu jeupe. Baba analitoa shimoni, kisha wale mama tunaoita twangeze wanalitwanga katika kinu mupaka linakuwa kama unga. Tangu asubuhi mupaka jioni wanavuta unga ule. Vumbi linaloonekana siyo lile baya zaidi. Lile baya ni dogo sana, jicho haliwezi kuliona, na linafika mwisho kabisa wa mapafu. Wale askari wa mwili wanaokaa pale kwa kumeza vidudu wanameza vumbi, na wanakufa. Mapafu yanajaa makovu. Ugonjwa ule unaitwa silikosi, na hakuna dawa ya kuutoa.

Mutu mwenye silikosi anaweza kupata kifua kikuu mara tatu kupita mutu mwingine, na hata zaidi. Na hata kama silikosi haijafika, vumbi la miaka mingi linatosha kwa kuzidisha hatari. Wachimbaji wa zahabu wa Afrika ya Kusini wameteseka sana na jambo hili, na wengi walirudi kufia katika vijiji vyao. Katika Agosti 2012 wakubwa wa inchi za SADC walitia sahihi kule Maputo tangazo juu ya kifua kikuu katika kazi ya kuchimba. Kongo yetu ni mushiriki wa SADC. Lakini karatasi hailoweshi jiwe. Ni wewe utalilowesha.

Mama, mwaga maji juu ya jiwe mbele ya kutwanga. Kaa inje, upepo utoke mugongoni mwako. Usimubebe mutoto wakati unatwanga, na usimulaze karibu na kinu. Kitambaa cha kufunga mudomoni kinazuia vumbi kubwa tu, kwa hiyo usikitegemee kuliko maji. Baba, ondoa nguo za kazi na uoge mbele ya kubeba watoto. Na ninyi munaoitwa PDG wa mashimo, tafuteni namna ya kuingiza hewa kule chini. Vijana wako wanapumua pumuzi ya mutu mumoja saa nyingi. Kama mumoja anakohola, wote wanakunywa kikohozi chake.

Njaa, pombe na tumbako

Mwili wenye njaa hauna nguvu ya kulinda gereza. OMS inasema kama mutu asiyekula vizuri anaweza kupata kifua kikuu mara tatu kupita yule anayekula. Na katika kambi zetu kuna njaa ya ajabu: franka inaonekana siku ya kuuza, lakini katika sahani ni bugali peke yake. Maharagi, sombe na karanga, lengalenga, samaki ndogo, yai: vile ndivyo chakula cha kulinda mapafu, na bei yake haipiti ya chupa mbili.

Juu ya chupa, tuseme wazi. Mutu aliyetawaliwa na kanyanga ao lutuku anazidisha hatari mara tatu. Pombe inapunguza nguvu ya mwili, inakula pesa ya chakula, na inamuweka mutu usiku wote katika kabare ndogo isiyo na dirisha, pamoja na wanaokohola. Tumbako nayo inachoma mapafu ambayo vumbi limekwisha kuumiza. Kijana, wanakuambia kama sigara inatoa baridi ya shimo. Hapana. Inafungua mulango.

SIDA na ugonjwa wa sukari

Mulango mukubwa kupita yote ni kidudu cha SIDA. Mutu aliye nacho anaweza kupata kifua kikuu zaidi ya mara kumi kupita mutu asiye nacho, na ni kifua kikuu kinachoua watu wengi wenye SIDA. Ndiyo maana munganga akikuta mumoja, anapima na mwingine. Asimutukane mutu. Anayemeza dawa za SIDA kila siku anarudishia mwili askari wake, na kuna tena dawa ya kuzuia kifua kikuu kisiamuke.

Ugonjwa wa sukari nao unazidisha hatari mara mbili ao tatu. Wengi wanao bila kujua. Ukiona kiu isiyoisha na kukojoa sana, omba wakupime.

Watoto na wazee

Mutoto wa chini ya miaka mitano ana gereza la miti tu, halijakuwa la mawe. Chanjo ya BCG anayopata wakati wa kuzaliwa inamulinda na kifua kikuu kikali cha utoto, lakini haimulindi maisha yote. Mutu wa nyumba akipatikana na ugonjwa, pelekeni watoto wote wapimwe, hata kama hawakoholi. Wanaweza kupewa dawa ya kuzuia. Wazee pia, maana nguvu ya mwili inapunguka. Na fungueni madirisha. Jua na upepo havilipishwi.

Karuho na maombi

Tuchukue mufano. Baba anakohola mwezi wa kwanza, anasema ni baridi. Mwezi wa pili anapelekwa kutapishwa karuho, mbuzi mbili zinauzwa. Mwezi wa tatu analala katika chumba cha maombi, hewa imefungwa, watu makumi wanaimba kumuzunguka. Siku anafika hospitali, bibi yake na mutoto wa mwisho wanakohola pia. Nani amewaroga? Ni miezi mitatu iliyopotea.

Wachungaji wenzangu, tusiwatenganishe watu na dawa. Mufalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Bwana alisikia; lakini soma 2 Wafalme 20 mupaka mwisho wa habari, utaona nabii Isaya aliamuru waweke tini juu ya jipu lake. Maombi na dawa vililala katika nyumba moja. Kama nabii wa leo anakuambia uache vidonge, muulize juu ya tini zile.

Fanya hivi

Ukikohola majuma mawili ao zaidi, enda kituo cha afya, upime makohozi. Kama una kidudu cha SIDA, usingoje majuma mawili. Katika inchi yetu dawa za kifua kikuu ni za bure. Kwa desturi ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa ine, ine ya mwisho dawa mbili. Mukojo utageuka rangi ya machungwa; siyo sumu inatoka, ni rangi ya dawa. Mwezi wa pili utajisikia na nguvu, rafiki watakuita shimoni. Usiache dawa! Anayeacha katikati anafundisha kidudu kushinda dawa, na kile kilichofundishwa kinaambukiza watoto wake. Kukitibisha ni vigumu na ni kwa muda murefu.

Na wewe jirani, usimukimbie mugonjwa. Akimeza dawa vizuri, kisha majuma machache kwa kawaida haambukizi tena. Umupelekee maharagi, umukumbushe kidonge chake cha asubuhi.

Maswali ya kuzungumuza katika jamaa

1. Katika milango tuliyotaja, ni ipi iko wazi katika nyumba yetu?
2. Nani kati yetu anakohola tangu majuma mawili? Nani atamusindikiza kesho?
3. Je, kuna mutu tuliyemushitaki uchawi ao sumu juu ya kikohozi? Tutaenda siku gani kumuomba musamaha?
4. Mahali tunapotwanga, maji ya kulowesha jiwe yatatoka wapi?