Lile Nililoliuza

Jumamosi ya tatu ya Agosti, kabla jua halijapanda, wazee wa vitongoji vya kaskazini mwa Detroit hubeba viti vya kukunja na kwenda kupanga baraza kando ya barabara ya Woodward. Magari ya ujana wao hupita mbele yao kwa mwendo wa msafara wa arusi, kutoka Ferndale hadi mji wa Pontiac, kilometa 26 hivi, na madereva wenyewe hawana haraka ya kufika. Ukipita nyuma ya viti hivyo utasikia maneno yale yale yakirudiwa kutoka mdomo hadi mdomo: "Nilikuwa nalo kama lile." Kisha kimya kidogo. Kisha: "Nikaliuza."

Mkusanyiko huu, Woodward Dream Cruise, ulianza mwaka 1995 kama harambee ya kuchangia uwanja wa soka huko Ferndale. Waandaaji walitegemea watu 30,000 au 40,000 wangefika. Wakaja 250,000, na tangu hapo umekuwa ukifanyika karibu kila mwaka, kama siku ya maulidi ya watu waliokulia ndani ya harufu ya petroli. Mtu asiyejua atadhani ni maonyesho ya magari. Mimi naona magari ni birika la kahawa tu. Wanaokaa barazani wamekuja kuzungumza.

Baraza hili lina adabu zake. Boneti iliyofunguliwa ni mlango uliofunguliwa: unaruhusiwa kupiga hodi na kuingia na maswali. Boneti ikifungwa, mwenyewe anakula mkate wake, mwache. Gari haliguswi. Hata kuliegemea ni dhambi, maana kifungo kimoja cha mkanda wa suruali kinatosha kuchora mstari kwenye rangi iliyogharimu miezi. Wenye Corvette hupungiana mikono wanapopishana barabarani hata kama hawajawahi kuonana, na asiyeitikia salamu hiyo hutajwa jioni. Corvette ina daraja lake: ni gari la michezo halisi, bodi yake ya nyuzi za kioo, na zile za kwanza kabisa, za mwaka 1953, ziliundwa 300 tu kwa mkono mjini Flint, zote nyeupe, ndani nyekundu. Hayo mengine ndiyo yanayoitwa magari ya misuli, na asili yake ni hila moja ya ofisini ambayo wazee hawachoki kuisimulia.

Mapema mwaka 1963 wakubwa wa General Motors walizikataza kampuni zao kujihusisha na mashindano. Tena palikuwa na kanuni kwamba gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi 330 za ujazo. Katika moja ya kampuni hizo, Pontiac, John DeLorean na wahandisi wenzake walichukua gari la kifamilia, Tempest, wakalitia injini ya inchi 389 iliyokusudiwa magari makubwa, kisha wakaiandika kwenye orodha ya bei kama nyongeza ambayo mteja anaweza kuagiza. Kanuni ilitaja magari, haikutaja nyongeza. Jina, GTO, walilichukua kwa Ferrari bila kubisha hodi. Waliruhusiwa kutengeneza 5,000 kwa majaribio; mwaka 1964 yakauzwa zaidi ya 32,000, na hakuna mkubwa aliyekumbuka tena ile kanuni. Ndani ya miaka michache kila kampuni ya Detroit ilikuwa na la kwake, na Plymouth ilifika mahali pa kuilipa Warner Bros. dola 50,000 ili gari lake la mwaka 1968 libebe jina na picha ya ndege wa katuni, Road Runner, na honi ilie kama yeye.

Kijana aliyenunua gari la namna hii hakuwa tajiri, na hapo ndipo penye siri ya mapenzi haya yote. Mustang ya Ford ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, bei yake ilianzia dola 2,368, na siku hiyo ya kwanza tu wauzaji walipokea oda zaidi ya 22,000. Siku mbili kabla ya hapo, mwalimu mmoja kijana wa kike wa Chicago alikuwa ameshauziwa ya kwake na muuzaji asiyeweza kungoja. (Wanaume wa barazani hawaipendi sana habari hiyo.) Mfanyakazi wa kiwanda aliweza kununua, kwa mkopo, kitu alichokifunga bolti yeye mwenyewe. Jioni alikipeleka Woodward na kukipigisha mbio kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine, na huenda kijana wa pembeni yake alikuwa mhandisi wa kampuni shindani aliyekuja na gari la majaribio ambalo halijatangazwa.

Lugha yao ni ya namba. Ukitamka 426 hakuna anayeuliza umekusudia nini: ni Hemi, injini ya Chrysler yenye vichwa vya silinda vilivyochimbwa kama nusu ya tufe. Ukisema 427 utaulizwa, ya Ford au ya Chevrolet? Maana zote mbili zilikuwa nayo, na jibu lako litaamua utaketi upande gani. Oldsmobile ndiyo iliyokuwa na 4-4-2, na mtoto wa miaka saba barazani anaweza kukufasiria: kabureta ya matundu manne, gia nne, mabomba mawili ya moshi. Plymouth ilizikwa mwaka 2001, Oldsmobile 2004, Pontiac 2010. Majina ya marehemu hao bado hutajwa kila dakika.

Lakini kinachonivutia kuliko yote ni namna wanavyolinda nasaba. Mswahili wa Lamu au Unguja ataelewa upesi. Haitoshi gari kuwa zuri. Lazima lithibitishe ni mtoto wa nani. Injini iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani, namba zilizogongwa kwenye bloku zilingane na namba ya chasisi, sanduku la gia vivyo hivyo. Wapo wanaofungua siti na kupapasa kwenye springi wakitafuta karatasi ya kiwandani, ile waliyoitumia wafanyakazi kujua gari hili linatakiwa kuwekewa nini. Ilipomaliza kazi yake iliachwa humo humo, au juu ya tangi la mafuta, kama takataka. Leo karatasi hiyo, hata ikiwa imeliwa na panya nusu, ni shajara ya nasaba. Gari lililo nayo na gari lisilo nayo yanaweza kufanana kama mapacha na bado bei zikapishana kwa fedha ya kujengea nyumba.

Penye masharifu, na wa kujibandika hawakosekani. Kuna mafundi wa kusaga namba za zamani na kugonga mpya. Kuna Chevelle ya kawaida iliyovishwa nembo na mistari ya SS, toleo la nguvu, na kupelekwa sokoni ikiwa imenyamaza. Hapa jamii ina msimamo ambao mimi naukubali: kuiga si aibu, aibu ni kunyamaza. Mwenye gari la kuiga akitangulia kusema, "Hili nimelitengeneza mwenyewe, halikuzaliwa hivi," atavutiwa kiti na kupewa soda. Akikaa kimya hadi agunduliwe, habari itamtangulia kila baraza atakalokwenda.

Wenye Corvette wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Chama chao cha warekebishaji, kilichoanzishwa mwaka 1974, kina waamuzi wanaokagua gari kwa tochi, wakiinama hadi chini ya uvungu. Gari linapunguziwa alama likiwa limechakaa, na linapunguziwa pia likiwa limependeza kupita kiasi. Kiwandani rangi ilipigwa haraka, ikarukia mahali pasipohusika, chaki ya mkaguzi wa zamu iliacha alama kwenye chuma, gundi ilichuruzika. Basi mrekebishaji hodari wa leo hukaa usiku akichuruzisha gundi kwa ustadi, mahali pale pale, kiasi kile kile. Yule mfanyakazi wa St. Louis mwaka 1967, aliyetaka tu zamu iishe akale, hakujua kwamba haraka yake itakuja kupigwa picha, kupimwa na kuigwa na watu wanaolipa maelfu ya dola.

Turudi kwenye kuuza. Sababu zinazotajwa barazani hazizidi vidole vya mkono mmoja. Barua ya jeshi ilikuja, akaenda Vietnam, mama akaliuza kwa jirani. Mtoto wa kwanza alizaliwa na gari lilikuwa na milango miwili. Bima: kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 kampuni za bima zilianza kumtoza kijana mwenye injini kubwa ada iliyokaribia kumshinda. Halafu ikaja sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, injini zikapunguzwa makali ili zikubali mafuta yenye risasi kidogo, na Oktoba 1973 Waarabu wakafunga bomba. Gari lililokunywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani likawa mzigo usioombwa na mtu, likatoka kwa mia chache za dola.

Mfano wao mkuu ni ile Mustang ya kijani aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968. Mwaka 1974 familia moja ya kawaida iliinunua kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jaridani, na mke akawa anaiendea kazini shuleni. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba arudishiwe, hakuipata. Mwaka 2020 ikanadiwa kwa dola milioni 3.4. Kila anayeisimulia hadithi hiyo humaliza kwa kutazama mikono yake.

Mimi huwasikiliza kwa furaha, ila si kwa yote. Magari yale yalikimbia vizuri kuliko yalivyosimama. Breki zilipata moto na kulegea, na mkanda, ukifungwa, ulikuwa wa kiunoni tu. Miaka hiyo hiyo inayoitwa ya dhahabu, barabara za Marekani ziliua watu wapatao 50,000 kila mwaka. Tena angalia msafara unapoanzia. Ferndale iko hatua chache tu kaskazini mwa barabara ya Eight Mile, mpaka uliowatenga Weusi wa mjini na Weupe wa vitongoji. Julai 1967, vijana walipokuwa wakishindana kwenye taa za Woodward, upande wa pili wa mpaka ule Detroit ilikuwa ikiwaka moto. Walikufa watu 43. Barazani majira hayo hukumbukwa kwa injini zake.

Kwa hiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya mtu aliyetoka upande ule. Godfrey Qualls alikuwa askari polisi wa Detroit, Mweusi, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa miavuli. Mwishoni mwa 1969 aliagiza Dodge Challenger yenye Hemi 426 na gia nne: nyeusi, mstari mweupe mkiani, paa la vinili lenye mchoro wa ngozi ya mamba. Usiku gari jeusi lilitokea kwenye mbio za mitaani, likashinda, likaondoka bila dereva kushuka wala kujitaja. Wakaliita Mzuka Mweusi. Asubuhi mwenyewe alikuwa kazini kwa sare. Katikati ya miaka ya 1970 likapotea kabisa, na wengi wakaamini limeuzwa au limeisha.

Lilikuwa gerejini kwake. Wanunuzi walikuja, akawarudisha. Hakuketi kwenye viti vya kukunja kusimulia, na kwa miaka zaidi ya 30 watu walisimulia kwa niaba yake, wakiongeza chumvi kila mmoja kwa kiganja chake. Mwaka 2015, ugonjwa ulipomzidi, alimwita mwanawe akamkabidhi hati ya gari, na Desemba akafariki. Mwana akalitoa nje na rangi yake ya kiwandani iliyofifia, injini yake ile ile, makaratasi yake yote: nasaba isiyo na doa. Mwaka 2020 likaandikishwa katika daftari la taifa la magari ya kihistoria.

Mei 2023 lilipandishwa jukwaani Indianapolis, kwenye mnada. Nyundo ilipogongwa na ada kuongezwa, bei ilivuka dola milioni moja, na gari ambalo baba alilinyima soko kwa miaka 45 likaondoka na mtu mwingine.