Kwa waya, mnazi na bodi ndogo, Diani inaweza kusikika London

Hebu fikiria hivi. Simu ya mulika mwizi, ile ya nyanya yako, ikiwa kwenye 2G inaruhusiwa kurusha hadi wati 2. Na bado ukishapita Msambweni ukielekea mashambani, kuna mahali inakwambia hakuna mtandao. Sasa chukua sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo, wati 0.2, uipeleke kwenye waya uliofungwa mnazini Diani. Mbingu zikikubali, mawimbi yale yanaweza kupokelewa London, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapo. Bila bando, bila mnara, bila setilaiti.

Hii ni redio ya ridhaa, ya watu wanaorusha mawimbi kwa kujifunza, si kwa biashara. Kifaa chenyewe huitwa bikoni. Hakipigi soga. Kinataja jina lake tu, tena na tena, kama taa ya mnara inavyomulikia meli.

Sasa utaniuliza, nguvu kidogo hivyo zinafikaje mbali? Jibu ni moja: polepole. Mfumo unaotumika unaitwa WSPR, na ukiutamka unasikika kama neno la Kiingereza la kunong'ona. Uliletwa mwaka 2008 na Joe Taylor, Mmarekani aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993. Ujumbe mmoja mfupi kabisa huchukua karibu sekunde 111 kutoka. Kwa muda huo wote kompyuta ya upande wa pili inasikiliza kwa subira, na inaweza kuuokota hata ukiwa umezama chini ya makelele ambayo sikio lako lisingesikia kitu. Mawimbi yenyewe hupanda hadi tabaka la hewa lililochajiwa na jua, kilomita mia kadhaa juu yetu, yakarudi chini, yakapanda tena. Ndiyo maana nasema mbingu zikikubali. Kuna saa njia inafunguka na kuna saa imefungwa, kama maji kujaa na kupwa.

Ujumbe una mambo matatu tu: jina lako la redio, mraba wako kwenye ramani na nguvu unayotumia. Nairobi iko mraba wa KI88. Sisi wa pwani ya kusini, kuanzia Vanga, Shimoni, Msambweni, Diani, Kwale mjini hadi kisiwani Mombasa, sote tuko KI95. Mraba mmoja, watu wote hao.

Vifaa? Ubongo ni bodi ya Arduino Nano. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 32, hata picha moja ya WhatsApp haitoshei, lakini kwa kazi hii ni tele. Chipu ndogo ya Si5351 inatengeneza masafa, transista kama BS170 zinaongeza nguvu, na kipokezi cha GPS kinatoa saa. Saa si mapambo, kwa sababu ujumbe lazima uanze sekunde 1 baada ya dakika shufwa kugonga. Ukichelewa sana, hakuna atakayekusoma.

Halafu kuna kichujio cha koili na kapasita. Usikiruke, mwanangu. Bila hicho, ukirusha megahezi 14 utakuwa pia unachafua megahezi 42 bila kujua.

Antena ndiyo raha ya kwetu. Kwa megahezi 14 unahitaji vipande viwili vya waya, kila kimoja mita 5 hivi. Au simamisha kimoja wima karibu na maji. Maji ya chumvi yanarudisha mawimbi vizuri kuliko mchanga mkavu, na watu wa bara hawana hiyo. Ila hewa hiyo hiyo ya chumvi inakula shaba, kwa hivyo ziba kila kiungo.

Mimi chuo niliacha katikati, na Arduino haijawahi kuniuliza cheti. Lakini kuna kitu kimoja ambacho huwezi kukipata kwenye duka la spea: jina la redio. Kenya majina hayo huanza na 5Z4, na leseni inatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kurusha bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998, hata kama ni wati 0.2. Na hata ungetaka kujificha utajifichaje, wakati kazi nzima ya bikoni ni kusema mimi ni nani na niko wapi?

Kwa nini ujisumbue? Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikaanza kujikokota. Zote mbili zinatia nanga hapa hapa Mombasa. Tunaishi mlangoni mwa intaneti, na siku ile tulikaa tukiangalia duara likizunguka kama wengine. Bikoni haitakurudishia TikTok. Hata ramani inayoonyesha nani amekusikia inategemea intaneti. Lakini itakufundisha njia isiyopita kwa waya wa mtu, na siku ya shida aliyejifunza mapema ndiye atakayejua pa kuanzia.

Anza kwa kusikiliza. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio ambayo yeyote anaisikiliza bure kwa brauza. Nenda megahezi 14.100. Bikoni 18 za dunia hupokezana hapo kila dakika 3, na Kenya imo kwa jina 5Z4B. Kila moja hutaja jina kwa wati 100, kisha inashuka hadi 10, 1, na mwisho 0.1. Hesabu unasikia ngapi.

Halafu tafuta Chama cha Redio ya Ridhaa cha Kenya, ARSK, uliza habari za mtihani. CA wana ofisi Mombasa. Vuka feri, kawaulize fomu.