Kununua nyumba Brampton: hesabu haiishii kwenye bei

Simu zinazonijia kutoka Muscat na Dubai huwa na swali moja: "Kijana wetu yuko Kanada anasoma. Badala ya kumlipia kodi kila mwezi, si bora tumnunulie nyumba hapo Brampton?" Swali lina mantiki, maana kodi ukishalipa hairudi. Ila jibu langu huanza na sheria kabla ya bei.

Tangu Januari 1, 2023, mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Kanada amezuiwa kununua nyumba ya kuishi kwenye miji mikubwa, Brampton ikiwemo. Marufuku hayo yameongezwa hadi Januari 1, 2027. Mwenye kibali cha kazi ana nafuu kwa masharti. Mwanafunzi naye anayo njia, lakini nyembamba: sharti mojawapo ni kwamba bei isizidi dola 500,000. Kwa Brampton, hapo unaongelea fleti, si nyumba yenye ua.

Jina kwenye hati

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalijui. Mkoa wa Ontario unamtoza mnunuzi wa kigeni kodi ya asilimia 25 ya bei. Tuseme nyumba ni dola 800,000. Kodi hiyo peke yake ni dola 200,000. Na hata kama mwanao keshapata ukazi wa kudumu, jina la baba aliye Muscat likiingia kwenye hati pamoja na lake, kodi inahesabiwa kwa bei ya nyumba nzima, si kwa fungu la baba tu. Achilia mbali yale marufuku yenyewe. Kwa hiyo wakili kwanza, dalali baadaye.

Kwa anayeruhusiwa

Nyumba hiyo hiyo ya 800,000, kianzio cha chini kabisa ni dola 55,000: asilimia 5 ya 500,000 za mwanzo na asilimia 10 ya zinazobaki. Ukitoa chini ya asilimia 20, unalipia pia bima ya mkopo. Halafu kuna kodi ya kuhamisha umiliki, dola 12,475. Anayenunua kwa mara ya kwanza anasamehewa hadi 4,000. Nyumba ya bei hiyo ikiwa Toronto kodi hii ni karibu mara mbili, kwa sababu jiji nalo linatoza yake. Hapo Brampton inakuokolea. Lakini kiwango cha kodi ya jengo ya kila mwaka kiko juu kuliko cha Toronto, kwa hiyo usishangilie mapema.

Kwa wanaokwepa riba, zipo taasisi chache zinazotoa ufadhili wa halali, na bajeti ya serikali ya 2024 ilitaja nia ya kuupanua. Linganisha gharama yote hadi mwisho wa mkataba, siyo malipo ya mwezi wa kwanza tu.

Maisha yenyewe

Mimi naishi karibu na stesheni ya Mount Pleasant, na kazi yangu iko katikati ya Toronto. Treni ya GO inanifikisha Union kwa muda wa kama saa moja. Anayekaa Bramalea anawahi zaidi. Tangu Machi 2022 basi la Brampton ukiliunganisha na GO hulipi nauli mara mbili, na kwa familia ya wafanyakazi wawili nafuu hiyo inaonekana. Ukiwa mbali na stesheni, basi gari, na bima ya gari hapa ni miongoni mwa zilizo ghali kabisa Ontario. Barabara ya 407 inakwenda vizuri, lakini ni ya kulipia.

Tena, ndugu zangu mliozoea magari matatu nyumba moja: hapa ni marufuku kuegesha barabarani kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu nafasi za magari uani kabla ya kuhesabu vyumba.

Dalali atakwambia besimenti "itajilipia". Muulize kama imesajiliwa manispaa kuwa makazi ya pili, na akuonyeshe karatasi. Isiyosajiliwa inaweza kukuletea faini, na mpangaji akiondoka mkopo unabaki wako.

Mji huu una watu zaidi ya 656,000 kwa sensa ya 2021, zaidi ya nusu wana asili ya Asia Kusini. Nyama ya halali, viungo na misikiti hutavitafuta kwa tochi. Watoto wangu hawajawahi kujiona wageni shuleni. Hilo ndilo lililotuweka hapa.

Ukija kuangalia nyumba, usije Julai tu, maua yamechanua na barabara nyeupe. Njoo Januari, siku ya kazi, saa moja asubuhi. Tembea kwa miguu kwenye theluji kutoka mlangoni hadi stesheni, panda treni na watu. Jioni ukirudi, ndiyo uzungumze bei.