Si Umuulize Tu?

Kuna kitu imetuchosha kwa hizi series za mapenzi. Chali anashuka mat pale Odeon, anacheki manzi wake amekumbatiwa na jamaa flani. Hasalimii, haulizi. Anageuka, anazima simu, anaishia. Sisi kwa keja tunajua huyo jamaa ni bro ya manzi ametoka ocha. Chali hatajua mpaka epi ya arobaini, ju mwandishi ameamua hakuna mtu atafungua mdomo. Mathe kwa kochi anaiongelesha tivi: "Si umuulize tu!" Na ako sawa.

Najua stori ya mapenzi bila kutoelewana inaishia njiani. Lakini mi hudai hiyo ngori ikuwe na mizizi. Ukweli ikishajulikana, nini inabaki? Kama ni machozi kidogo, wakumbatiane, alafu harusi, basi epi zote hizo tulikuwa tunazungushwa.

Cheki Romeo na Juliet. Juliet anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti, na Friar Laurence anamwandikia Romeo barua huko Mantua amshow form. Anayeibeba ni mtawa mwingine, John. Kabla atoke Verona, John anapatikana kwa nyumba inashukiwa iko na tauni, mlango inafungwa na yeye ndani. Barua haitoki. Anayemfikia Romeo ni Balthasar, kijana wake, na habari kwamba Juliet amededi. Balthasar hajadanganya, ameona akizikwa. Hapo utalaumu nani? Shakespeare aliandika hiyo mchezo karibu 1595, na miaka michache kabla ya hapo kumbi za London zilikuwa zimefungwa ju ya tauni. Wasee wa kwanza kuicheki walijua nyumba kufungwa ni nini. Sisi pia tunaifeel: 2020 Nairobi ilifungwa ju ya corona, na kama mtu wako alikuwa Nakuru, hungevuka.

Lakini inayoniuma kabisa ni Tess, kwa riwaya ya Thomas Hardy ya 1891. Tess aliumizwa na mwanaume akiwa bado mdogo, akapata mtoi, mtoi akadedi. Sasa anapenda Angel Clare na wanataka kuoana. Kila akijaribu kumshow, maneno inakwama, ama Angel anamkatiza ati watabonga baadaye. Mwishowe anaandika barua ya kurasa nne, anaisukuma chini ya mlango wa Angel. Asubuhi Angel anambusu kama kawa, Tess anaanza kuamini amesamehewa. Kumbe barua iliteleza ikaingia chini ya kapeti. Siku ya harusi yenyewe ndio Tess anaipata, haijafunguliwa. Anaiharibu.

Usiku wanatoboa siri. Angel ndiye wa kwanza: aliwahi kulala na mwanamke huko London. Tess anamsamehe papo hapo. Alafu Tess anasema yake, na Angel anamwacha, anaenda Brazil. So ata barua ingefika mapema, huyo msee angekuwa tu yule yule. Kapeti ilichelewesha tu. Noma ilikuwa ndani ya Angel mwenyewe, dhambi yake anaiona ndogo na ya manzi anaiona kubwa, na ndio maana hiyo barua bado inauma miaka zaidi ya 130 baadaye.

Wengine husema simu imeua hizi stori. Mi nakataa. Chukua manzi wa Kayole ameshow chali ati anaishi Kileleshwa. Chali anatext, "Niko karibu na kwenu, nikuje?" Manzi anaisoma amesimama kwa laini ya maji na mtungi ya ishirini. Kwao ni chumba moja, mathe analala nyuma ya pazia, choo ni ya ploti nzima. Anamlenga. Chali anacheki tiki mbili za bluu, anajua ameachwa. Bundles ziko, charge iko, na bado hawabongi, ju aibu imeshika mmoja na kiburi imeshika mwingine. Siku ukweli itatoka, kukumbatiana haitatosha. Chali itabidi aseme kama alipenda yeye ama address yake. Na manzi pia aulizwe mbona alikuwa na uhakika hivyo ati msee atatoroka, kabla ata ampe nafasi.

Kama kuna mtu ako na skripti kama hiyo kwa laptop, tafadhali aimalize.