Pikipiki Kubwa Zapimwa na Njia ya Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge hana njia nyingi za kuchagua. Kuliani mwake ni Ziwa Tanganyika, kushotoni ni milima iliyosimama kama ukuta, na katikati umepita utepe wa kilomita zipatazo 75 ambao ni Barabara ya Taifa Namba 3. Njia hiyo huendelea kusini hadi Nyanza-Lac, kisha huliacha ziwa, hupanda Mabanda na kufika mpakani Mugina, ambako ng'ambo yake ni Manyovu katika Mkoa wa Kigoma. Kwa muda wa juma zima tuliifuata njia hii. Hatukufuata mawese wala mukeke, ingawa vyote viwili tulivila kwa wingi. Tulikwenda kuwatazama wapitaji wa aina yao peke yao, yaani waendeshaji wa pikipiki kubwa.

Yafaa tueleze kwanza maana ya ukubwa huo. Teksi-moto inayombeba mama na kikapu chake cha ndagala sokoni Rumonge huwa na injini ya sentimita za ujazo 100 au 125, na uzito wake ni kilo mia na ushei. Hizi tunazozisema zina injini ya 700 hadi 1,250, tangi la lita 16 hadi 30, na masanduku ya bati gumu ubavuni. BMW R 1250 GS peke yake ina uzito wa kilo 249, kabla mwenyewe hajapakia hema, sufuria na kiwiliwili chake. Wenye pikipiki hizo huacha lami kwa makusudi na kutafuta njia za vumbi, mawe na matope, nao huyahesabu matatizo kuwa ndiyo faida ya safari.

Mtu akisikia hayo aweza kudhani kwamba bila mtambo mzito hakuna safari ndefu. La hasha. Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya sentimita 600, tena ikivuta kigari cha pembeni na tela nyuma yake. Walikata Sahara, na Julai 1935 wakaingia Cape Town. Mwaka 1973 Ted Simon alitoka Uingereza kwa Triumph ya sentimita 500, akaizunguka dunia kwa muda wa miaka minne, na Afrika ya Mashariki aliipitia. Pikipiki kubwa kama tuzijuavyo leo zilipata umbo lao baada ya BMW kutoa R 80 G/S mwaka 1980, na mashindano ya Paris-Dakar, yaliyoanza mwishoni mwa 1978, yakazipa sifa. Tangu hapo zimekuwa zikinenepa mwaka hata mwaka.

Pwani hii haikuwa na njia ya nchi kavu ya kusifiwa. Livingstone na Stanley walipofika Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura ya leo, Novemba 1871, walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, kama walivyofanya Burton na Speke mwaka 1858. Kwa hakika maji ndiyo yaliyokuwa barabara. Barabara ya lami iliyokuja baadaye imebanwa kati ya mahasimu wawili. Mwaka 2015 mlima uliporomoka huko Gitaza na kuikata njia, magari yakasimama pande zote mbili. Kisha ziwa nalo likaanza kudai chake. Mwaka 2024 maji yalipanda hadi kiasi cha mita 777 juu ya usawa wa bahari, hali kwa kawaida hukaa karibu na mita 774. Yakaingia katika nyumba na bandari ya Rumonge. Ziwa hili hupokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo maji yakishapanda hayaondoki kwa haraka. Wazee wanaokumbuka mafuriko ya miaka ya 1960 hawakushangaa sana.

Sehemu ya Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote, na mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kuijenga upya pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Waendeshaji wa pikipiki kubwa wana maoni yao kuhusu jambo hili, nayo yalituchekesha: wao husikitika kila ipigwapo lami. Mwenye lori la mawese hawaelewi hata kidogo, nasi twamuunga mkono.

Tangu Burundi ilipoufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, msafiri wa pikipiki hakuweza tena kushuka kutoka Kigali, na njia ya Kigoma ikapata umuhimu mpya. Atokaye huko anatakiwa kukumbuka kwamba Tanzania hupita kushoto na Burundi hupita kulia. Pale mpakani kila mtu hukumbuka. Hatari huja saa nane za mchana, baada ya chakula, barabara ikiwa tupu na mkono ukirudia mazoea yake.

Tulipofika Rumonge tuliwakuta waendeshaji wawili waliotoka Nairobi kupitia Kigoma, mmoja mtu mzima mwenye mvi, mwingine kijana wa miaka kama thelathini. Kwa siku tatu walikuwa wakiingia katika vijia vya michikichi na kupanda milimani. Huko udongo ni mwekundu, na mvua ikinyesha huteleza kama uliopakwa mawese. Katika kijito kimoja yule mzee aliangushwa na jiwe. Mwili ulisalimika, lakini kono la klachi lilivunjika, na ilibidi wavunaji wanne wa chikichi waweke mizigo yao chini ili kuinua pikipiki ile. Walivuta kwa kamba hadi barabarani, na kutoka hapo ikasukumwa mpaka kwa fundi wa teksi-moto, chini ya mwembe.

Fundi aliitazama kwa muda mrefu bila kuigusa. Kisha akauliza swali moja.

"Mzee wangu, klachi hii yavutwa kwa waya au kwa mafuta?"

"Kwa waya."

"Basi itapona."

Alitafuta katika kopo lake kono kuukuu la pikipiki ndogo, akalichonga kwa tupa kwa muda wa saa nzima, akalitoboa upya, akalifunga. Lilikuwa fupi kuliko la asili, na rangi yake haikufanana na kitu chochote. Lilivuta. Tumeona mitambo ya kisasa ambayo klachi yake huendeshwa kwa mafuta na vipimo vya umeme. Kama angekuja na mojawapo ya hiyo, tunaamini angelala Rumonge majuma mawili akingoja kipuri. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo ambalo anunuaye pikipiki ya safari angeuliza kabla ya kuuliza nguvu za farasi: je, fundi wa chini ya mwembe aweza kuitia mkono?

Lakini klachi ilikuwa nusu ya taabu yao. Nusu nyingine ilikuwa petroli, ambayo huku huitwa esansi. Tangu mwaka 2021 uhaba wake umekuwa ukirudi tena na tena Burundi kwa sababu ya ukosefu wa fedha za kigeni, na mwaka 2024 ulikuwa mkali kabisa. Waendesha teksi-moto walilala vituoni juu ya viti vya pikipiki zao wakingoja gari la mafuta. Wageni wetu waliambiwa hayo Kigoma, wakadhani ni maneno ya sokoni. Walijaza lita 20 kila mmoja, wakavuka.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kutoka Kigoma hadi Manyovu ni kilomita 60 hivi. Mugina hadi Nyanza-Lac kama 45. Nyanza-Lac hadi Rumonge 52. Rumonge hadi Bujumbura 75. Jumla ni kilomita 230 na kidogo. Pikipiki kubwa hula lita tano kwa kilomita mia katika lami, yaani lita 12 kwa kwenda. Kurudi ni 12 nyingine, na tangi la lita 20 tayari limeshindwa, bado hatujapanda mlima hata mmoja. Katika matope na gia ya kwanza ulaji huongezeka sana. Teksi-moto ya sentimita 125 hula kama lita mbili kwa kilomita mia, kwa hiyo mwenye dumu moja la lita tano hufika Bujumbura kutoka Kigoma. Nguvu zote zile za injini huishia hapo.

Siku tuliyowakuta, mzee alikuwa na lita saba, kijana sita. Kituo kilikuwa kikavu. Kijana alitaka waendelee Bujumbura, huenda huko mafuta yakapatikana. Mzee alisema "huenda" haiwashi injini, na kwamba kutoka Rumonge hadi Manyovu ni chini ya kilomita mia, ambazo lita tano zatosha wakienda polepole. Walibishana kwa sauti ya chini, kwa heshima, mpaka chai ikapoa. Kijana alitaja jiwe la Mugere ambalo alikuwa ameapa kupiga picha mbele yake, kisha akanyamaza. Mwishowe alikunja ramani mwenyewe.

Mzee alimwendea fundi kulipa. Akatoa faranga, akaongeza nyingine juu yake. Fundi alizihesabu, akamrudishia zaidi ya nusu, na akaleta chupa tupu ya maji.

"Hizi zatosha, mzee wangu. Kama itawezekana, nitilie lita moja. Pikipiki yangu haijatoka nyumbani tangu Jumatatu, na ndiyo inayowapeleka watoto shule."

Tulimwona yule mzee akitazama tangi, kisha barabara, kisha kono lile fupi. Alichukua mpira mwembamba kutoka sandukuni, akauzamisha, akavuta kwa mdomo, akatema. Chupa ikajaa hadi shingoni. Saa kumi na mbili za asubuhi iliyofuata wakaondoka kuelekea Nyanza-Lac kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, upande wa kulia wa barabara, ziwa likiwa kimya mkono wao wa kuume.